Chanjo kwa Mama, Kinga kwa Ndama

Anayeharisha na kufa ni ndama. Kwa nini basi mtaalamu wa mifugo anataka kumchoma sindano mama yake, tena wiki kadhaa kabla ndama mwenyewe hajazaliwa? Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huuliza swali hili kila chanjo hii inapotajwa, na wana haki ya kuuliza. Sindano ni gharama, na ng'ombe mwenye mimba kubwa ni mali ambayo mtu hapendi kuiona ikishikwashikwa bila sababu. Hapa chini ni majibu ya maswali yanayojirudia zaidi. Mengine ni mafupi. Swali la dang'a limechukua nafasi kubwa kwa sababu chanjo nyingi nzuri hupotea bure hapo.

Kwa nini ndama asizaliwe na kinga yake?

Mama mjamzito anapokwenda kliniki huchomwa sindano ya pepopunda. Kingamwili anazotengeneza hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, hivyo mtoto huzaliwa akiwa tayari na akiba kutoka kwa mama yake. Ng'ombe hana njia hiyo. Kondo lake la nyuma lina tabaka nyingi zaidi zinazotenganisha damu ya mama na ya mtoto. Chakula na hewa hupita, kingamwili hazipiti. Mbuzi, kondoo, nguruwe na farasi nao wako vivyo hivyo.

Kwa hiyo ndama anapodondoka chini, damu yake karibu haina kingamwili kabisa. Mwili wake una uwezo wa kuzitengeneza, lakini utahitaji wiki kadhaa ili zifikie kiwango cha kumlinda. Vijidudu vya bandani havimsubiri. Vingine humwingia kinywani dakika ile ile anapojaribu kusimama na kulamba kila kilicho karibu naye.

Kinachoziba pengo hilo ni dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza. Mwaka 1922 Theobald Smith na Ralph Little, watafiti wa Taasisi ya Rockefeller huko Princeton, Marekani, walilinganisha ndama walionyweshwa dang'a na ndama walionyimwa. Wengi wa walionyimwa walikufa katika siku chache, bakteria wa kawaida wa tumboni wakiwa wameenea mwilini mwao. Walionyweshwa waliishi. Imepita zaidi ya karne moja tangu jambo hilo lithibitishwe, na bado kuna ndama wanaozaliwa leo usiku ambao hawataonja dang'a hadi asubuhi kukuche.

Chanjo inaingilia wapi, ikiwa dang'a tayari ina kinga?

Dang'a ina kingamwili za yale tu ambayo mwili wa mama umewahi kupambana nayo. Ng'ombe aliyekaa miaka mingi kwenye banda lako ana kumbukumbu ya vijidudu vya banda hilo. Mtamba aliyenunuliwa mwezi jana kutoka wilaya nyingine hana. Hata huyo mwenyeji, kingamwili zake dhidi ya ugonjwa fulani hupungua kadiri muda unavyopita bila kukutana nao, na anapozaa zinaweza kuwa chache mno kumfaa ndama.

Katika wiki tano hivi za mwisho za mimba, kiwele huanza kuvuta kingamwili kutoka kwenye damu ya mama na kuzilimbikiza kwa ajili ya dang'a. Kazi hiyo husimama ng'ombe anapozaa. Chanjo hupangwa ili kingamwili za ugonjwa unaohofiwa ziwe nyingi kwenye damu wakati kiwele kinapozivuta. Mama anachanjwa, kiwele kinakusanya, ndama anakunywa. Yeye mwenyewe hajachanjwa wala hajatengeneza chochote. Amepokea kinga iliyo tayari, nayo itamlinda kwa muda tu.

Kwa nini tusimpe ndama chanjo moja kwa moja?

Ilijaribiwa. Virusi vya rota vya ndama viligunduliwa mwaka 1969 na Charles Mebus huko Nebraska, Marekani, na haikuchukua miaka mingi ikapatikana chanjo ya kumnywesha ndama akishazaliwa. Shida zilikuwa mbili. Ugonjwa huu huja mapema sana, mara nyingi katika juma la kwanza au la pili, na chanjo humkuta ndama akiwa hana muda wa kujijengea kinga. Tena kingamwili za dang'a zenyewe, zikiwa zimejaa utumboni, hukinasa kirusi cha chanjo kabla hakijafanya kazi yake. Ndiyo maana njia ya kumchanja mama ikapata nguvu. Kwa magonjwa ya siku za mwanzo ndiyo njia yenye mantiki.

Inazuia magonjwa gani?

Chanjo za aina hii zinazotumika zaidi duniani hulenga kuhara kwa ndama wachanga, na kwa kawaida huunganisha adui watatu katika sindano moja: bakteria aina ya E. koli mwenye vijishikizo vinavyoitwa K99, virusi vya rota na virusi vya korona vya ng'ombe (usivichanganye na vile vya UVIKO-19). Baadhi huongeza bakteria wa klostridia anayeharibu utumbo.

Umri wa ndama hutoa fununu kuhusu nani anahusika. E. koli wa K99 hushambulia zaidi katika siku nne au tano za kwanza. Kuhara ni maji matupu, na ndama huweza kuwa mzima asubuhi na amelala hoi jioni. Rota huja kati ya siku ya 5 na ya 14 hivi. Korona huchukua wiki ya kwanza hadi ya tatu. Katika kipindi hicho hicho kuna kimelea kingine, kriptosporidia, ambacho chanjo za kawaida za kuhara hazikigusi. Chanjo ya kumchanja mama dhidi yake imeanza kutumika Ulaya miaka hii ya karibuni tu. Kimelea hiki huwashika watu pia, hasa watoto wanaocheza na ndama, kwa hiyo anayemhudumia ndama anayehara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au kugusa chakula.

Chanjo hii haihusiki kabisa na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe ambao katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huua ndama kuliko kuhara. Haizuii kichomi, haizuii minyoo, haizuii kitovu kuoza. Ikiwa ndama zako hufa wakiwa na homa, tezi za shingo zimevimba na wanapumua kwa shida, usitumie fedha kwenye chanjo ya kuhara. Zungumza na mtaalamu kuhusu kupe.

Wala si chanjo zile za kampeni za serikali. Kampeni ya kitaifa ya Tanzania iliyozinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025, kwa upande wa ng'ombe ililenga homa ya mapafu. Hiyo humlinda ng'ombe mwenyewe na kundi lake. Mfugaji anayesema "wangu walishachanjwa" inafaa aulizwe wamechanjwa nini.

Achanjwe lini?

Hapa daftari la mfugaji lina thamani kuliko dawa. Bila kujua ng'ombe alipandishwa au kuhimilishwa tarehe gani, kila hesabu inayofuata ni ya kubahatisha.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, kwa ng'ombe wa asili huweza kuzidi kidogo. Tuseme ng'ombe wako amehimilishwa tarehe 1 Machi na mimba ikashika. Atazaa karibu na tarehe 9 Desemba. Unamkausha miezi miwili kabla, yaani karibu tarehe 10 Oktoba. Chanjo nyingine ni za sindano moja, ambayo huchomwa popote kati ya wiki ya 12 na ya 3 kabla ya kuzaa, yaani katikati ya Septemba hadi tarehe 18 Novemba. Nyingine, kwa ng'ombe anayechanjwa mara ya kwanza, ni za sindano mbili zilizoachana wiki tatu au zaidi. Kwa ng'ombe huyu ya kwanza ingeangukia mwishoni mwa Oktoba, na ya pili katikati ya Novemba. Mimba zinazofuata huhitaji sindano moja ya kukumbushia kila mara. Maelekezo hutofautiana kati ya chanjo na chanjo, kwa hiyo kibandiko cha chupa ndicho kinachoamua, na fundi wa chanjo akikisoma mbele yako usione anakupotezea muda.

Ukichelewa ukamchanja siku tano kabla ya kuzaa, mwili hautapata muda wa kutengeneza kingamwili na kiwele hakitakuwa na cha kuvuta. Umelipia chanjo, ndama hajapata kitu. Ukiwahi mno, kingamwili huwa zimeanza kushuka kabla kiwele hakijaanza kukusanya.

Jambo jingine ni hali ya mama. Ng'ombe aliyekonda, mwenye minyoo, anayekunywa maji mara moja kwa siku, hawezi kuitikia chanjo kama anavyoitikia aliyeshiba. Na ng'ombe anayeendelea kukamuliwa hadi wiki ya kuzaa hupoteza nafasi ya kutengeneza dang'a nzuri. Najua maziwa ya wiki hizo za mwisho yana bei, hasa mwezi ambao ada za shule zinadaiwa. Hata hivyo, mfugaji anayeyauza anapunguza kinga ya ndama.

Dang'a kiasi gani, na mapema kiasi gani?

Ukichukua jambo moja tu katika makala hii, chukua hili. Utumbo wa ndama mchanga una uwezo ambao hataupata tena maishani: unaweza kupitisha kingamwili nzima nzima hadi kwenye damu bila kuzimeng'enya. Mlango huo huanza kufungwa tangu anapozaliwa, na kila saa inayopita unazidi kubana. Saa mbili za kwanza ndizo bora. Baada ya saa sita uwezo umepungua vya kutosha kuleta madhara, na akifikisha saa 24 umekwisha. Dang'a inayonywewa siku ya pili bado ina faida tumboni, lakini haiingii kwenye damu. Ng'ombe akizaa saa nane usiku, ndama anatakiwa awe amekunywa na kushiba ifikapo saa kumi alfajiri. Kusubiri mkamuaji aje saa kumi na mbili ni kumpunguzia kinga uliyokwisha kuilipia.

Kipimo cha kunywesha ni sehemu moja ya kumi ya uzito wa ndama katika mlo wa kwanza. Ndama wa Friesian mwenye kilo 35 hadi 40 ahitaji lita tatu na nusu hadi nne. Wa Jersey mwenye kilo 25, lita mbili na nusu. Ndama wa zebu mwenye kilo 20, lita mbili. Baada ya saa 8 hadi 12 apewe tena lita mbili hivi, au moja akiwa mdogo. Kumwacha anyonye mwenyewe kunatosha kwa ndama wengi wa asili, ambao mama zao wana chuchu fupi na wao wenyewe ni wepesi kusimama. Kwa ng'ombe wa kisasa mwenye kiwele kilichoning'inia karibu na ardhi, au ndama aliyezaliwa kwa kuvutwa na kuchoka, usiamini macho. Anaweza kuonekana ananyonya kwa nusu saa na kupata kikombe kimoja. Kamua, pima, nywesha kwa chupa yenye chuchu. Mpira wa kumnyweshea moja kwa moja hadi tumboni upo na huokoa maisha, ila ufanywe na aliyefundishwa, maana ukiingia kwenye koo la hewa unamzamisha ndama mapafuni.

Uzuri wa dang'a haujulikani kwa macho peke yake. Njano na uzito ni dalili nzuri, ila zinaweza kudanganya. Kipo kifaa kidogo cha mkononi, kipima Brix, ambacho huonyesha kwa tone moja. Kikisoma 22 au zaidi, dang'a inafaa. Si ghali kwa chama cha ushirika au kwa kikundi cha wafugaji kuwa nacho kimoja. Asiye nacho azingatie haya: mkamuo wa kwanza ndio wenye nguvu, wa pili hushuka karibu nusu. Ng'ombe aliyekuwa akivuja maziwa siku kadhaa kabla ya kuzaa, au aliyekamuliwa kabla ya kuzaa ili kumpunguzia uzito wa kiwele, dang'a yake imepungua. Iliyo nyepesi kama maji au yenye damu isitegemewe.

Kisha usafi. Bakteria wanaoingia pamoja na dang'a kutoka kwenye ndoo chafu huzuia kingamwili zisifyonzwe. Osha chuchu, osha ndoo, osha mikono. Kitovu kichovye kwenye ayodini mara tu ndama anapozaliwa, kwa sababu nacho ni njia ya kuingilia wadudu hadi kwenye damu.

Wazee wanasema kondo la nyuma litoke kwanza ndipo ndama anyonye

Desturi hii ipo katika sehemu nyingi, na wapo wanaoimwaga dang'a kabisa wakiiona ni uchafu, au wanaoipika yote iliwe nyumbani. Nawaheshimu wazee waliotuachia mifugo na maarifa mengi ya kuitunza. Kwa jambo hili, hata hivyo, ukweli uko upande wa ndama. Kondo la nyuma laweza kuchukua saa kadhaa kutoka, na likikwama laweza kupita siku nzima. Saa hizo ndizo utumbo wa ndama unafunga. Tena kunyonya kwenyewe humfanya mama atoe homoni inayokaza mji wa mimba, na hiyo husaidia kondo litoke. Ndama anyonye kwanza. Akishapata mgao wake wa siku ya kwanza, inayobaki familia ipike ikipenda, iive sawasawa kwa sababu ya ugonjwa wa kutupa mimba unaopitia kwenye maziwa mabichi.

Nikikosa dang'a ya mama nifanye nini?

Mama anaweza kufa, au mtamba wa uzao wa kwanza akatoa lita moja tu. Njia ya uhakika ni kuwa na akiba. Ng'ombe mzima, aliyezaa mara kadhaa, aliyechanjwa na kupimwa hana ugonjwa wa kutupa mimba, mara nyingi hutoa dang'a kuliko ndama wake anavyoweza kuinywa. Ziada ya mkamuo wa kwanza ikigandishwa kwenye friza siku hiyo hiyo, ndani ya chupa safi za lita moja zilizoandikwa tarehe, hukaa hadi mwaka mmoja. Kwenye jokofu la kawaida, siku chache tu. Kuiyeyusha, weka chupa ndani ya maji ya moto yasiyochemka, ambayo hayazidi nyuzi 50 hivi, mpaka dang'a iwe na uvuguvugu wa mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 au 39. Ukiichemsha, kingamwili zimekufa na umebaki na chakula tu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu ikayeyuka, usiigandishe tena.

Pasipo friza, jirani mwenye ng'ombe aliyezaa siku hiyo hiyo ni bora kuliko maziwa ya kawaida. Dang'a kutoka banda jingine huweza kuleta magonjwa ya banda hilo, kwa hiyo mwulize jirani hali ya ng'ombe wake bila kuona haya.

Siku ya kwanza ikipita, kazi ya chanjo imekwisha?

Haijakwisha, na sehemu hii husahaulika hata kwa wafugaji wazuri. Rota na korona hushambulia ukuta wa utumbo wenyewe. Kingamwili zilizo kwenye damu husaidia kiasi, lakini zinazozuia ugonjwa vizuri zaidi ni zile zilizomo tumboni kila siku, zikivikamata virusi kabla havijashika. Hizo hutoka kwenye maziwa anayokunywa. Dang'a na maziwa ya siku chache zinazofuata, kabla hayajafaa kupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, zisimwagwe. Ndama aendelee kunyweshwa, hata kwa kuchanganya kiasi na maziwa ya kawaida, kwa wiki mbili za kwanza na zaidi ikiwezekana. Mfugaji anayemchanja ng'ombe kisha siku ya tatu akamhamishia ndama kwenye maziwa ya unga amemnyang'anya kinga siku chache kabla ya rota kufika.

Je, chanjo haiwezi kuitoa mimba?

Inategemea ni chanjo gani. Chanjo za kuhara kwa ndama zinazochomwa kwa mama kwa kawaida ni mfu: kimelea kimeuawa, hakiwezi kuzaliana mwilini. Zimetengenezwa zikiwalenga ng'ombe wenye mimba. Uvimbe mdogo mahali palipochomwa, homa ya siku moja, kushuka kidogo kwa hamu ya kula, hayo hutokea na hupita. Mara chache sana ng'ombe huweza kuvimba uso na kupumua kwa shida dakika chache baada ya sindano. Mtaalamu asiondoke papo hapo, na awe na dawa ya dharura.

Chanjo hai ni habari nyingine. Ndani yake kimelea kimedhoofishwa lakini hakijafa. Chanjo ya S19 ya ugonjwa wa kutupa mimba, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa ndama jike wa miezi michache, inaweza kuitoa mimba ya ng'ombe mkubwa, na ikimchoma mtu kwa bahati mbaya humwambukiza. Chanjo hai ya Smithburn ya homa ya Bonde la Ufa, iliyotumika Kenya kwa miaka mingi, inaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuzaliwa na kasoro. Mlipuko wa ugonjwa huo wa mwaka 2006 na 2007 nchini Kenya, Somalia na Tanzania uliwafundisha wafugaji wengi ubaya wake, na hofu ya kuupata tena humfanya mtu atake kila ng'ombe achanjwe. Anayestahili chanjo hiyo ni ng'ombe asiye na mimba, kabla hajapandishwa. Akiwa na kinga tangu hapo, naye ataipitisha kwa ndama kwenye dang'a.

Kwa hiyo timu yoyote ya chanjo inapofika kijijini, mwenye ng'ombe aseme mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa: huyu ana mimba, ya miezi kadhaa. Na ng'ombe mwenye mimba kubwa asifukuzwe, asibanwe na wenzake kwenye kibanio, asiangushwe chini. Mimba inayotoka siku ya chanjo mara nyingine imetolewa na purukushani, si dawa.

Chupa ikae nyuzi 2 hadi 8 tangu dukani hadi bandani. Chanjo mfu iliyoganda imeharibika hata kama inaonekana sawa baada ya kuyeyuka. Kwenye kisanduku cha baridi isigusane na barafu moja kwa moja, na isiachwe juani juu ya tangi la pikipiki.

Mimi nina ng'ombe wawili tu. Inanilipa?

Nitasema ninavyoamini. Kama ndama zako hawahari, banda ni kavu, na kila ndama amepata dang'a ya kutosha ndani ya saa mbili, chanjo hii yaweza kusubiri. Weka fedha hizo kwenye sakafu ya banda, kwenye ayodini, kwenye chupa ya kunyweshea. Kama ndama walikufa kwa kuhara msimu uliopita na uliotangulia, wakiwa na umri unaofanana, au unafuga ng'ombe wengi wanaozaa kwa kufuatana katika banda moja, chanjo ina kazi ya kufanya kwako.

Kabla ya kununua, jua unachopigana nacho. Chukua kinyesi kibichi cha ndama aliyeanza kuhara leo, ambaye bado hajapewa antibayotiki, kiweke kwenye chombo safi chenye baridi na kifikishwe maabara. Tanzania zipo maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke na katika kanda kama Arusha, Mwanza na Iringa. Kenya ipo maabara kuu ya Kabete na nyingine za kanda kama Karatina, Nakuru na Mariakani. Afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa kaunti ndogo atakueleza utaratibu na kama wanapima ugonjwa unaoushuku. Chanjo za kuhara kwa ndama huagizwa zaidi kutoka nje na si kila duka la pembejeo linazo. Zinapouzwa kwa chupa ya dozi kadhaa, wafugaji walio jirani wakipanga pamoja chupa moja huwatosha wengi, mradi ng'ombe wao wawe katika umri unaofaa wa mimba.

Ndama akihara licha ya chanjo, endelea kumpa maziwa na umwongezee maji yenye chumvichumvi za ndama kati ya mlo na mlo. Kinachomuua ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Antibayotiki haziui virusi. Akishindwa kusimama au kunyonya, mwite daktari saa hiyo hiyo.

Ndama mwenyewe achanjwe lini?

Kingamwili alizopata kwa mama hupungua hadi nusu kila wiki mbili au tatu hivi, na zikiwa bado nyingi huzuia chanjo zake mwenyewe zisishike. Hivyo mama aliyechanjwa huahirisha ratiba ya mtoto. Kwa ugonjwa wa miguu na midomo, ndama wa mama aliyechanjwa kwa kawaida husubiri hadi miezi minne hivi, ilhali ndama wa mama asiyechanjwa huweza kuanza mapema zaidi. Kwa ugonjwa wa mapele ngozi, miezi mitatu hadi sita. Andika kwenye daftari, kwenye ukurasa wa ndama huyo, mama yake alichanjwa nini na tarehe gani, ili atakayekuja kumchanja apate pa kuanzia kuhesabu.